Jina Lililomlemea Ndugu Yangu

Juzi mjukuu wangu aliletwa kwangu na kitambaa cheusi chenye mvuje, ile dawa ya kukinga watoto, kimefungwa mkononi, na ile harufu kali, mbaya kuliko kitunguu kilichooza, ikanirudisha nyumbani kwa bibi yangu, kisiwani Amu, mwaka aliozaliwa ndugu yangu Athumani.

Simsengenyi, lakini mtoto yule alilia! Alianza kila siku baada ya sala ya adhuhuri, magoti kayakunja, tumbo limekaza kama ngoma, na nyumba nzima ikaacha shughuli zake. Kila mtu alikuwa na jibu. Shangazi alisema mama kala bamia. Mke wa ami alisema kuna jirani mwenye jicho la husuda. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaandika kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani, akaziosha kwa maji, mama akayanywa. Nilichanganyikiwa: anayeumwa ni mtoto, mbona dawa zote anapewa mama?

Ndipo Bibi, mamake baba, akatoa hukumu. "Mwana huyu ina limemlemea. Tumpe lingine."

Kwetu jina likiwa zito kwa mtoto, hubadilishwa. Lakini Athumani lilikuwa jina la kaka yake mama, aliyekufa kabla mtoto hajazaliwa. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mkwewe, alimkumbatia mwanawe. "Siwezi, Mama. Ndilo nililosalia nalo." Akalia kumshinda mtoto. Niliogopa sana.

Bibi hakukasirika. "Basi nipa yeo, siku moja tu. Nitamwita Bakari, tuone. Nawe usitoke ndani hata alasiri, asikusikie."

Mama akampokeza, mlango ukafungwa. Nikabaki kiwandani, pale uani, nikijiuliza: kama huyu ni Bakari, Athumani kaenda wapi? Nilichungulia hata chini ya kitanda. Na Bakari naye alilia vilevile! Bibi alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akatembea naye huku akimpigapiga mgongo. Akichoka humpa shangazi, naye humpa mke wa ami, wakitaniana kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hakuna aliyekumbuka kumwita Bakari. Nikafungua mlango kidogo: mama amelala, mdomo wazi.

Alasiri alitoka na uso mwingine kabisa. Bibi akamrudishia mtoto. "Bakari pia limemshinda. Mtukue Athumani wako."

Sikuelewa tulichokuwa tukifanya mchana ule. Kilio kiliendelea kwa wiki kadhaa, kisha kikaisha chenyewe, na kila mtu akaisifu dawa yake.

Miaka ikapita, nikazaa. Mwanangu wa kwanza naye akalia, nami nikalia naye, mpaka mama alipoingia, akanitazama, akanyoosha mikono.

"Ina limemlemea mwana," akasema. "Nipa, ukalale."

Nilimpokeza kabla hajamaliza kusema. Nilipoamka jua lilikuwa limeshapinda, na sikumuuliza jina jipya ni lipi.