Kisanduku Kilichovishwa Kitambaa

Haya ninayoandika hamtayaamini, wala sitawalazimisha. Mimi mwenyewe niliyekuwepo, mtu mzima niliyesoma mpaka darasa la tano nikaona inatosha, bado nikikumbuka nashika mdomo.

Mwajabu ni mpwa wangu, anakaa hapa Kibiti nyuma ya stendi. Mji mzima unamjua kwa sindano ya kufuma. Redio yake ina kitambaa, kochi lina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, hata jerikeni la maji limevaa maua. Kitu kikiingia kwake uchi, siku ya tatu kimevaa. Ndiyo maana mimi sikai sana sebuleni kwake, nisije nikafumiwa.

Mwaka 2006, madishi ya mtandao yalipoanza kuonekana juu ya mabati hata huku kwetu, alifungua chumba cha kompyuta mbili nyumbani kwake. Saadi, mtoto wa kaka yake, fundi wa mambo hayo Dar, akamletea kisanduku cha chuma, ukubwa wa nusu tofali.

"Shangazi, huyu ndiye mlinzi wako. Mtandao wote unapita kwake, wezi na machafu anayazuia mlangoni. Bila yeye kompyuta hazipati kitu."

Mwajabu akampokea mlinzi kama mkwe. Akamkalisha ndani ya kabati la vioo, akamfumia kitambaa cheupe chenye pindo la samawati.

Sasa sikilizeni. Dada yake mkubwa, Sihaba, yuko kazini Muscat, mwaka wa tisa huo hajarudi. Mama yao, dada yangu Zena, macho yalikuwa yanaingia ukungu, na kila mwezi ukungu unazidi. Sihaba alipewa Ijumaa moja tu ya mapumziko kwa mwezi, na saa tisa alasiri ndipo hupiga simu ya picha. Mwezi wa kwanza picha yake ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Bi Zena akasogea, akasema, "Huyu..." Picha ikafa. Mwezi wa pili ikafa vilevile, mama mtu hajaona hata pua.

"Mwezi wa nne sijui kama nitamwona hata akisimama mlangoni," alisema Bi Zena, wala hakulia. Aliyelia ni Mwajabu, jikoni, akisingizia moshi.

Ijumaa ya mwezi wa tatu ikafika. Asubuhi mambo shwari. Baada ya swala jua likakaa juu ya bati, na saa nane na nusu taa ya kisanduku ikazima, pu! Mwajabu akafungua kabati. Joto likampiga usoni kana kwamba kafunua chungu cha mihogo. Akashika kitambaa.

"Yalaa!"

Kina moto kama kanzu inayotoka chini ya pasi. Akakivuta. Chini yake chuma kina matuta, matuta, kama shamba la viazi. Miezi yote hiyo hakuwahi hata kuyaangalia. Akapiga simu.

"Saadi, hiki kitu kinaungua! Feni yake iko wapi?"

"Hakina feni, shangazi. Yale matuta ndiyo yanayotoa joto, hewa ikipita juu yake. Si umeyaacha wazi?"

Mwajabu akakaa sakafuni, macho yamemtoka. Kumbe aliyekuwa akimkatia mama yake uso wa mwanawe ni yeye, kwa sindano yake mwenyewe, na pindo la samawati juu!

"Shangazi? Upo?"

"Nimemfunika blanketi," alisema.

Mimi nikashauri tukimwagie maji kidogo. Alivyonitazama, nikarudisha kata mtungini.

Zimebaki dakika chache. Mwajabu akawaza kama mama wa watoto: uji wa moto, mtoto analia, unaupozaje? Unaumimina kwenye sinia, utandae. Akachomoa sinia kubwa la aluminiamu, lile la pilau. Akabandua kwa kisu vile viatu vinne vya mpira chini ya kisanduku, ili chuma kilale juu ya chuma. Sinia akaliweka juu ya matofali mawili, dirishani, kisanduku juu yake, matuta yakipata upepo. Akachomeka nyaya, akawasha, akashika ukingo wa sinia. Akaruka.

"Mjomba! Moto umehamia huku!"

Kweli bwana. Ukingo ule, mbali na kisanduku, una joto, na kisanduku chenyewe kinashikika! Tukabaki tunatazamana kama watu walioona mbuzi anaongea.

Saa tisa Sihaba akatokea. Bi Zena akasogea mpaka uso ukakaribia kugusa kioo. Mwajabu hapumui.

"Alaa! Nani kakutoboa pua, wewe?"

Kipini chenyewe punje ya mtama! Na mama kakiona! Sihaba akajifunika uso, anacheka, analia, hajui afanye lipi. Mwajabu kashika kichwa.

Wakaongea, na taa haikuzima. Wakaongea saa tano nzima, jua likazama, sinia likapata moto mpaka mimi nikavunjia mayai sita juu yake, yakaiva, tukala na mkate, na watu wa Ikwiriri waliposikia wakapanga foleni kuja ku—

"Dakika arobaini, mjomba." Mwajabu kasimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninachoandika, sijui tangu saa ngapi. "Na hayo mayai yalitagwa na kuku yupi?"