Mkono wa Speciose haukuwa mzito

Admin, nifichie jina, na mtaa ninaoishi pia usiutaje. Nina miaka hamsini na saba, mke wangu alifariki, na ninakaa kwa binti yangu hapa Kigali. Asubuhi yeye na mumewe wanaenda kazini, mimi nabaki na televisheni. Nitasema jambo ambalo hata marehemu mke wangu hakulijua. Wa kunitukana mnitukane, ila msome mpaka mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kijana, nimetoka Bujumbura na ufundi wangu wa kutengeneza mashine za kuchapa. Wakati ule kompyuta zilikuwa za kuhesabika, kila ofisi ilichapa barua kwa mashine. Sikuajiriwa na mtu. Nilibeba mkoba wa bisibisi na mafuta, nikaitwa huku na kule. Nilipanga chumba Kimisagara, hapa hapa Kigali, nikiwa sina ndugu wala mtu wa kwetu. Jumamosi na Jumapili zilipita sijafungua mdomo ila kununua mkate.

Kulikuwa na kampuni moja ya kuuza kahawa nje, mjini. Walikuwa na mashine sita. Kila nilipofika, mlinzi aliniandika "mgeni", hata mara ya kumi. Saa nne ofisi yote ilisimama kunywa chai. Vikombe vyao vilitundikwa ukutani kwenye misumari, kila kimoja na jina la mwenyewe. Mimi niliendelea kupaka mashine mafuta kama sioni.

Aliyeniona ni karani mmoja, nitamwita Speciose. Siku moja alisimama mbele yangu na thermos.

"Wewe jina yako nani?" akaniuliza.

"Mimi fundi," nikamjibu.

"Fundi si jina. Kila mtu iko na jina."

Nikamtajia. Hapakuwa na kikombe changu, basi akanimiminia chai kwenye kifuniko cha thermos. Kuanzia siku ile aliniita kwa jina langu, peke yake katika mji mzima. Msinielewe vibaya, alikuwa na mchumba na sikuwa namtaka. Nilitaka ile robo saa tu.

Nikajikaza nikamwendea mkurugenzi. Nikamwomba anipe siku moja kila mwezi nizipitie mashine zote, nizisafishe kabla hazijaharibika. Lilikuwa wazo zuri, na hata leo nalitetea. Akacheka.

"Mashini ikikufa tunakuita. Kama iko nzima, utakuja kufanya nini?"

Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kwamba ili nikaribishwe, lazima kitu kiharibike.

Kwenye mashine ya Speciose kulikuwa na skrubu ndogo inayobana springi. Ukiilegeza kidogo tu, mashine inachapa vizuri wiki mbili tatu, halafu inaanza kuruka na kuacha mapengo katikati ya maneno. Nikailegeza. Wiki ya tatu wakaniita. Nilivaa shati safi siku hiyo, kama naenda harusini. Speciose alicheka, "Umerudi! Hii mashini inakupenda." Chai kwenye kifuniko, habari mbili tatu, nikaondoka na furaha ya mwezi mzima. Nikafanya hivyo mara nne.

Mara ya nne mkurugenzi mwenyewe alikuja kusimama nyuma yangu. Speciose alikuwa hapo hapo.

"Kwa nini ni mashini ya huyu tu? Hizi zingine hazina shida."

Ningeweza kusema mashine ni ya zamani. Ningeweza kusema lolote. Hofu ilinipanda, nikasema, "Labda mkono wake ni mzito, bosi. Anagonga sana." Speciose aliinua vidole vyake akaviangalia.

Alikuwa mchapaji bora wa ofisi ile, na mimi ndiye niliyejua hilo kuliko wote. Niliporudi siku chache baadaye kuchukua kifaa nilichokuwa nimesahau, msumari wa kikombe chake ulikuwa mtupu. Walimpeleka ghalani kubandika karatasi kwenye magunia. Kwa aibu nikaikaza ile skrubu kabisa, na mashine haikuharibika tena, na hawakuniita tena. Vita ilipozidi nikarudi kwetu. Baada ya mauaji ya tisini na nne sikuthubutu kumuulizia, kwa kuogopa jibu.

Ninyi wenye kampuni mnaosoma hapa, mkiwa na fundi wa kuitwa, mpeni siku yake na kikombe chake. Siwalaumu wale kwa dhambi yangu, nasema tu.

Sasa, mwezi uliopita nilienda sokoni Kabuga kutafuta mkaa. Mama mmoja muuza vitenge akaniita. Kwa jina langu! Speciose yu hai, nywele zote nyeupe. Nililia mbele za watu. Akanikalisha, akaniletea chai kwenye kikombe cha kweli, tukaongea mpaka jua likageuka. Wakati wa kuagana nikamwomba namba, akamwita mjukuu wake aiandike kwenye simu.

"Mimi siandiki," akasema akicheka. "Si wewe ulisema mkono yangu iko mzito? Toka siku ile niliacha. Hata hii simu naogopa kuigusa, nitaivunja."

Miaka zaidi ya thelathini anaogopa vidole vyake mwenyewe, kwa ajili ya neno langu.

Jumapili hii amenialika kwake. Ameniambia atanipikia, na kwamba kikombe nilichonywea ameniwekea, asikitumie mtu mwingine. Tangu mke wangu afe, ni yeye tu anayeniita kwa jina. Nyumbani mimi ni babu. Nikimwambia ukweli, huenda akanifukuza, na atakuwa na haki. Nikinyamaza, nitakunywa chai yake huku yeye anaogopa kugusa simu.

Ndugu zangu, kikombe kinanisubiri. Niseme kabla ya kukipokea, au nikae kimya ninywe? Nisaidieni kabla ya Jumapili.