Shemeji Ajaribu Lenzi ya Fundi Saa

Dada wa mke wangu hujenga majengo yanayoenea mezani. Mkandarasi akitaka kumwonyesha mteja shule ambayo bado ni kiwanja cha majani, humpa shemeji michoro, naye huisimamisha kwa kadibodi, vibao vyembamba na gundi, kila mita ya jengo ikawa sentimita moja. Zamani alikuwa fundi cherehani. Alimtengenezea bintiye nyumba ya kuchezea, mkandarasi akaiona, na cherehani ikaanza kula vumbi.

Mimi nauza vifaa vya mtumba: koleo, bisibisi, misumeno, chochote chenye mpini. Kwa hiyo alipoingia kibandani amekunja uso, nikajua ana shida yenye bei.

Shida ilikuwa fremu za madirisha ya shule. Kila aliyoikata ilitoka na manyoya pembeni. Mkandarasi alishazirudisha, akamwambia kwa upole, ule upole wa mtu anayekufukuza, kwamba siku hizi kuna mashine za kukata vitu hivyo. Zikirudi tena, kazi ndiyo basi.

“Macho yameniaga, shemeji,” akasema. “Nipe kioo chenye nguvu kuliko vyote ulivyo navyo.”

Mteja akiomba kikubwa, mimi si wa kumshauri kidogo. Nikatoa lenzi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni, inayokuza mara kumi. Niliisifu mpaka nikakaribia kuinunua mwenyewe. Akaniambia kinachofaa kuwekwa chini ya lenzi hiyo ni mdomo wangu, labda patapatikana chembe ya ukweli.

Hakuichukua hivi hivi. Alitoa mkobani kadibodi, kibano na kisu chake, akavuta kigoda, akaanza kukata pale pale kwenye meza yangu. Ili aone, ilibidi uso ukaribie kazi kwa upana wa vidole viwili, na kisu kikakosa pa kupita. Alipokiingiza ubavuni, mpini uligonga lenzi. Tena, kwa jicho moja hakuweza kujua kama ncha imeshagusa kadibodi au bado inaelea. Na alichokiona kilimtia wazimu: kila unyuzi wa kadibodi ulikuwa kama kamba ya meli, akawa anaukwangua, anaukwangua, mpaka fremu ikakatika.

Nikampa miwani ya kuvaa kichwani, inayokuza mara mbili tu. Bei yake ni nusu ya ile, kwa hiyo sikuisifu. Lakini sasa macho yote mawili yalifanya kazi, na mikono ikapata nafasi chini yake. Akakata fremu nyingine taratibu, mstari umenyooka. Manyoya yalikuwepo vilevile.

Akakiweka kisu chini.

Kisha akaiokota tena ile lenzi ya fundi saa, ila safari hii chini yake akaweka kisu chenyewe. Alitazama kwa muda mrefu, halafu akanipa. Ncha niliyoiona inang'aa kwa macho matupu ilikuwa imejikunja kama ndoana.

Nikamuuliza anakatia juu ya nini. Juu ya kigae, akasema, kigae cha sakafu alichopewa na mkandarasi, maana gundi haikishiki. Akajicheka mwenyewe kabla sijapata nafasi. “Miaka yote nimewagombeza watu wasikatie karatasi mkasi wangu wa nguo. Leo nakatia kisu juu ya jiwe.”

Nikampa wembe mpya wa kuchomeka kwenye kisu na kipande cha mpira wa kutandika chini. Fremu ikatoka safi kama karatasi iliyokunjwa. Akanunua nyembe, mpira na ile miwani, kwani macho nayo hayakuwa ya kigori. Lenzi akaniachia: akitaka kukagua ncha atakuja hapa, bure, yeye ni ndugu.

Fremu zilikubaliwa. Mkandarasi alizikagua akiwa amesimama, mikono mfukoni, akaagiza zahanati.

Ile lenzi sijaiuza. Mtu akija kulalamikia macho, namwambia atazame kwanza kifaa chake, na wengi huondoka na wembe tu. Faida yake ni ndogo, ila wembe huisha, na mwenyewe hurudi.