Dole la Mzee Elifasi

Wewe uliyechaguliwa juzi kushika kalamu ya kikundi chako, nisikilize. Kazi hiyo niliifanya tangu enzi za Mwingereza, na ninataka uianze vizuri kuliko nilivyoianza mimi.

Siku yangu ya kwanza nilipanda njia ya Nkoaranga nikiwa na daftari, kalamu na kikopo cha wino wa muhuri. Chama chetu kilikuwa cha watu wa Meru tu. Hakikuwa na ofisi; tulikutana kwenye nyua za wazee, kati ya migomba. Kazi yake ilikuwa kusikiliza malalamiko ya ardhi, kuyaandika na kuyapeleka kwa Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya. Wakati huo serikali ilitaka kuwaondoa watu wetu kwenye malisho ya kaskazini mwa mlima, iwape walowezi.

Katibu, mwalimu wa zamani asiye na maneno mengi, aliniambia, "Andika kwa usafi. Karatasi chafu wataitupa."

Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo waliweka dole gumba: linapakwa wino, linabonyezwa, nami naandika jina na kijiji pembeni. Lakini hakuna aliyekubali kuanza. Kwetu watu hufuatana kwa rika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, na mdogo hamtangulii mkubwa hata katika kunawa mikono. Ikabidi aitwe Mzee Elifasi, mkubwa kuliko wote, ambaye hakuwa amehudhuria mkutano wetu hata mmoja. Alikuja kwa sababu ameitwa.

Dole lake halikutoa alama. Jembe lilikuwa limefuta mistari yake yote.

"Karani, dole langu nimeshalizika shambani," akasema. Wazee wakacheka.

"Shikamoo babu, bonyeza tena."

"Unanikamua kama ng'ombe!"

Mara ya nne likatokea. Nikaandika jina lake juu kabisa, kwa mwandiko niliojivunia.

Wiki iliyofuata Bwana Shauri akatuita, mimi na Katibu. "Nani anawachochea watu hawa?"

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Basi ni huyu wa kwanza."

"Bwana, huyo ametangulia kwa umri tu," Katibu akasema.

"Karatasi haisemi hivyo."

Kweli, haikusema. Nami niliyeipanga sikusema. Jina langu halikuwamo, kwa kuwa karani hakuweka dole.

Mzee Elifasi akapakiwa kwenye lori, akahamishiwa wilaya ya mbali kusini. Malisho nayo yakachukuliwa. Kabla ya mavuno ya pili ya kahawa ikaja barua. Mkewe hakujua kusoma, akaniletea mimi.

"Amefariki, bibi."

"Huko walikomzika kuna mlima?"

"Barua haisemi."

"Isome tena."

Nikaisoma tena.

Baadaye nilihamishiwa tawi la watu wetu waliohamia Elerai, kisha Daraja Mbili, hadi kilipokuja chama cha nchi nzima na chetu kikaishia humo. Nilistaafu nikisifiwa mwandiko. Chama kilifanya kazi, sikatai: watu waliokuwa wakinung'unika kila mmoja kwake walijifunza kusema pamoja. Nawe utaiweza kazi hii, usiogope. Ila kabla hujampa mtu yeyote karatasi, andika jina lako kwenye mstari wa kwanza.