Mnyororo Kwenye Njia ya Chini

Kwa miaka kumi na mmoja nimekimbia njia ileile ya bustani ya miti, kila Jumanne na Jumamosi asubuhi: kutoka langoni, kupita kwenye mialoni iliyopandwa na watu wasiokuwapo tena, kushuka hadi kijitoni, kisha kupanda katikati ya migunga na kurudi langoni. Ni mzunguko kamili. Kila mti mkubwa una kibati chenye namba, nami huzisoma namba hizo kimoyomoyo kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ndiyo kazi niliyoifanya Morogoro, na baadaye hapa Johannesburg, baada ya mke wangu kurejea kwao kutoka uhamishoni nami nikamfuata.

Katika umri wangu, mbio hizo ndizo jambo pekee ninalolifanya bila kusindikizwa. Mke wangu aliziruhusu kwa sharti moja, alilolitamka siku daktari alipotuonyesha picha ya goti langu: "Ukianguka mara moja tu, Mwalimu, hukimbii tena peke yako." Nilikubali.

Mwezi wa Juni, asubuhi ya baridi iliyozifanya nyasi zikatike kama vioo chini ya viatu, nilianguka. Nilijikwaa kwenye mzizi karibu na kijito, nikaangukia mgunga mchanga, na miiba ikanichana mkono tangu kiwiko hadi kiganja. Walioniona ni hadida wawili tu, ndege wanaopiga kelele hata pasipo sababu. Nilivua shati, nikabaki na fulana, nikaufunga mkono, kisha nikaenda kujiosha kwenye bomba la karibu na lango. Mama mmoja mwenye mbwa wawili aliniuliza kulikoni. Nilimpungia mkono mzima na kuondoka. Nyumbani, mtaani La Rochelle, nilimwambia mke wangu kwamba nimechanwa na mgunga. Ilikuwa kweli.

Wiki mbili baadaye nilikuta mnyororo umefungwa pale njia inapoanza kushuka, na kibao kikitangaza kwamba sehemu ya chini imefungwa kwa sababu za usalama. Tulitakiwa kufika hapo, kugeuka, na kurudi tulikotoka. Mzunguko ulikuwa umegeuzwa fimbo. Nilikasirika hata nikapoteza hesabu ya miti.

Nilimwendea mlinzi wa lango, Mkongomani kutoka Lubumbashi.

"Banapiga bantu kule chini, papa," alisema. "Mzee moja, banamukata na kisu. Damu mingi!"

"Ulimwona?"

"Miye? Hapana. Banasema."

"Nani wanasema?"

"Bote."

Ijumaa, nje ya msikiti kule Mayfair, nilisimuliwa kwamba wezi walikuwa watatu, na kisu kilikuwa kimeshakuwa panga. Niliuliza swali langu lilelile, nikapata jibu lilelile. Nimefundisha fizikia, najua kwamba hakuna mwangwi usiotanguliwa na sauti. Nilimrudia mlinzi, nikamtaka anitajie mtu mmoja tu, si "bote". Alijikuna kichwa, kisha akasema kwamba aliyeipeleka habari ofisini ni yule mama wa mbwa wawili.

Nilimsubiri Jumamosi. Alinieleza bila kusita, kama shahidi mwema: alimwona mzee huyo yeye mwenyewe, bombani, mkono umefungwa shati lililolowa damu, na maskini hakuweza hata kusema.

"Alikuwa mzee kweli," aliongeza, akinitazama usoni. "Kuliko wewe, tena kwa mbali."

Nilimshukuru nikaondoka.

Nililibeba jambo hilo kwa siku nne. Nikinyamaza, njia ingebaki imefungwa kwa watu wote kwa sababu ya uongo ambao chanzo chake ni mimi. Nikisema, ingefunguliwa kwa watu wote isipokuwa mimi. Nilitafuta njia ya tatu na sikuiona, na hilo liliniudhi zaidi, kwa maana wanafunzi wangu niliwahimiza kila mara kuitafuta.

Jumatano, wakati wa chai ya asubuhi, nilisema.

"Yule mzee aliyeibiwa bustanini ni mimi."

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Umeibiwa?"

"Sikuibiwa. Nilianguka."

"Eish. Nilijua. Mgunga haumfuati mtu njiani."

"Mbona hukusema?"

"Sikuwa na ushahidi, Mwalimu. Si wewe usiyetaka maneno yasiyo na ushahidi?"

Nilimwandikia msimamizi wa bustani barua ya ukurasa mmoja, nikaisaini. Wiki haikuisha, mnyororo ukaondolewa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wawili. Mke wangu alivaa viatu vyake vya kanisani, akabeba chupa yangu ya maji, akatembea kwa mwendo wa mtu anayekagua shamba. Nilipojaribu kutangulia alikohoa. Tulipofika karibu na kijito alisimama.

"Ndio huu?"

"Ndio huu."

Aliugusa mzizi kwa ncha ya kiatu. "Nilidhani ni mkubwa."

Mkimbiaji mmoja aliyekuwa akishuka nyuma yetu alipunguza mwendo, akavua vidude vya masikioni, akatuonya kwa Kiingereza chenye heshima tele: wazee wetu, jihadharini, hapa aliuawa mzee mmoja. Nilifungua kinywa nimuulize nani aliona. Mke wangu aliniwahi.

"Tulimfahamu," alimwambia. "Alikuwa mbishi sana."

Mkimbiaji yule akatupa pole, kisha akaondoka mbio kuelekea kwenye migunga, peke yake.