Picha za Kuosha

Baba yangu, Mwadini bin Himid, alifundisha kuchora katika shule moja ya Ibra, hapa Omani, kwa miaka ishirini na minne, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejua kuwa mwalimu wao ni mchoraji. Walimjua kwa ramani za ukutani na mchoro wa moyo wa binadamu. Mimi jambo hilo lilikuwa likiniudhi sana. Mtu gani anaficha kazi yake mvunguni mwa kitanda?

Alizaliwa Unguja, na mwaka 1958 akaenda Bengal kusomea uchoraji. Huko alikuta ugomvi aliokuwa akiusimulia mpaka uzeeni kama ugomvi wa jamaa zake mwenyewe. Waingereza walikuwa wamewazoesha Wahindi kuchora kwa rangi za mafuta, kila kitu kionekane kama kilivyo. Wabengali wakakataa, wakarudi kwenye karatasi na rangi za maji, na kwa Wajapani wakachukua namna ya kuosha: unapaka rangi, unaiacha ikauke, unailaza karatasi nzima ndani ya maji, unaitoa, unapaka tena. Mara ishirini, mara thelathini. Rangi inazama, na picha yote inabaki na ukungu mwepesi. Lakini Baba alipofika, mtindo huo ulikuwa umeshazeeka. Vijana wa Bombay walikuwa wakisema, tangu India ipate uhuru, kwamba ukungu ule ni woga, na wao walipaka rangi nzito kwa kisu. Wenzake darasani walimcheka. Yeye akaendelea kuosha.

Alirudi Unguja, na alipohama baada ya mapinduzi ya 1964, alitoka na karatasi saba. Hapa nyumbani Aija, ng'ambo ya daraja la Sur, tuliziita picha za kuosha, kama wengine wanavyosema picha za harusi. Moja ilikuwa ya mama yake, Bibi Shamsi, ameketi anachagua mchele. Bibi alibaki kule akafia kule, na picha yake nyingine hakuna.

Mwaka jana mwanamke mmoja wa Nizwa, jina lake Wadha, alipata habari za Baba. Alikuwa akiandaa maonyesho ya wachoraji wazee, akasema atakuja Alkhamisi kuzitazama. Baba, na miaka yake themanini na tano na moyo uliochoka, akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi.

"Hanifa," aliniambia, "nataka watu waione kazi yangu kabla sijafa. Khalas, sina jengine."

Sasa nijiseme mimi. Nilifanya kazi ya kutunza mafaili serikalini miaka thelathini, na ugonjwa huo nimeuleta nyumbani. Kila kitu nakibandika karatasi: mitungi ya jikoni, dawa za Baba, vikapu vya nguo. Kikapu kimoja ZA KUOSHA, cha pili ZA KUPIGA PASI. Zuleha alipokuja kutoka Tanga kutusaidia, nilimwambia asiniulize ulize. Kila kitu kimeandikwa, asome afanye. Nikajiona hodari.

Jumanne nilizitoa zile karatasi saba, nikazitenga na ramani za shule zisichanganyike. Nikaziweka kwenye sinia, na juu yake nikabandika, kwa herufi kubwa: ZA KUOSHA. Kisha nikavuka daraja kwenda kutafuta vioo vya fremu.

Niliporudi baada ya Alasiri, Zuleha alikuwa uani. Alikuwa ametandika shuka safi kivulini, na juu yake amezipanga karatasi saba zimelowa. Pembeni palikuwa na beseni, sponji na sabuni ya vyombo.

"Shikamoo, Bi Hanifa," alisema. Alikuwa na furaha. "Zilikuwa na uchafu wa siku nyingi, ila nimesugua taratibu na umetoka wote."

Nilimtukana. Matusi niliyomtolea sitayaandika. Nikamwambia afunge virago, anarudi kwao kesho. Akawa analia na kuninyooshea ile karatasi niliyoibandika, nami sikutaka kuitazama.

Baba alitoka na mkongojo wake. Alizitazama moja moja, saba zote, bila haraka, mpaka ya Bibi Shamsi. Mikono na ungo wa mchele vilikuwa bado vinaonekana kidogo.

"Maji yasingezidhuru," alisema. "Hizi zimekaa majini kuliko samaki. Sabuni tu, na kusugua." Akamgeukia Zuleha. "Na huyu bibi, uso wake?"

"Nilianza na uso, Babu. Ulikuwa na ukungu, nikataka aonekane vizuri."

Baba akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu. Kisha akanambia mimi, "Mwache mtoto wa watu. Kasoma ulichoandika."

Zuleha yupo mpaka leo. Simwombi radhi kwa sababu sijui nianzie wapi, na hilo nalo ni aibu yangu.

Alkhamisi Wadha alifika na glavu nyeupe ndani ya mkoba. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote mimi, la kibandiko na la sabuni, hata kumwonyesha karatasi zilivyobaki. Baba akaniwahi. Alikuwa amenyoa vizuri, kanzu imepigwa pasi.

"Umeambiwa sivyo, binti yangu," alimwambia. "Mimi sikupata kuwa mchoraji. Nilikuwa nikifundisha tu."