Kewa la Baba

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, msidhani bibi yenu amekosa kazi. Nimejifunza kuandika nikiwa mtu mzima na mkono wangu bado mzito, kwa hiyo sitapoteza wino kuwabembeleza. Juzi nimemsikia dondora akivuma jikoni, yule nyigu anayejenga kwa udongo, na mara pua yangu ikajaa harufu ya mafuta ya kondoo na makaa. Nikarudi Busi, zamani za Wadachi, kwenye kiwanda cha baba.

Baba alikuwa mhunzi. Mwaka ule jumbe alimchukua pamoja na wanaume wengine wakajenge reli huko Dodoma, na kiwanda kikalala tangu masika hadi kiangazi kinakwisha. Alirudi amekonda, mgongoni ana alama ambazo hakuna aliyeziuliza. Mawingu yalishaanza kukusanyika na watu walikuwa wanangoja majembe. Akawasha moto. Ukafuka moshi, ukafa. Akawasha tena, ukafa tena.

Hakuwa mtu wa papara. Aliyaanika makaa yakakauka. Mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi, akaipaka mafuta ya kondoo mpaka ikalainika kama sikio la ndama, akashona palipopasuka. Lakini kila alipoikandamiza ilikaza kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa, na upepo haukufika motoni. Lilibaki kewa, bomba la udongo linalopitisha upepo kwenda kwenye makaa. Sasa kwetu kewa halikuchunguliwa wala kuchokonolewa. Wahunzi walisema ndicho kinywa cha babu aliyewafundisha kufua, na nani atamchokonoa babu yake kinywa? Basi tukabaki kuchunguzana sisi watu.

Mama yangu alikuwa mke mkubwa. Mke mdogo, ambaye mimi nilimwita mama mdogo, alikuwa Mgogo wa Bahi, aliyeolewa muda mfupi kabla baba hajachukuliwa.

"Nani aliingia kiwandani mwenyewe hayupo?" mama akauliza huku anapepeta mtama, hamtazami mtu.

Mwanamke hakanyagi mle bila mhunzi, kila mmoja alijua. Mama mdogo alikuwa anasugua chungu. Akaendelea kusugua mahali palepale pamoja mpaka nikadhani atakitoboa.

Mimi nilikuwa nimemwona. Asubuhi moja, baba akiwa bado relini, alitoka mle ameinama, macho yanafuata kitu hewani ambacho mimi sikukiona. Tangu hapo nilimchunguza: anamwaga wapi majivu, anakohoa mara ngapi, anatema mate upande gani. Uji wake niliuonja kwa ncha ya ulimi, nikangoja kwanza, ndipo nikanywa. Ukishamshuku mtu, hata akijikuna kichwa unaona ana lake jambo.

Baba akamwita mama mdogo uani. "Uliingia?"

"Niliingia."

"Kufanya nini?"

"Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Nikisema utaniamini?"

Mama akacheka kwa puani. "Mwenyewe kasema. Kwao Bahi, kwenye bwawa, wamezoea maji, ndiyo maana katuzimia moto."

Akaambiwa afunge mzigo wake, kukicha arudi kwao. Msilione hilo dogo. Mwanamke aliyerudishwa kwa uchawi hapewi hata kaa la moto na jirani.

Asubuhi alitoka na mzigo kichwani. Badala ya kushika njia akapinda kiwandani, sote tunamwona. Akachomoa bua la mtama kwenye ua, akalisukuma ndani ya kewa. Mama akapiga yowe. Baba akainua mkono ampige, na mkono ukabaki hukohuko juu, maana udongo ulianza kumwagika: vijumba vya dondora, ndani yake buibui waliokauka na mabuu meupe. Mama mdogo alisukuma mpaka bua likatokea upande wa pili. Kisha akasimama pembeni, mzigo haujatikisika.

Baba akakandamiza mivukuto. Makaa yakawa mekundu.

"Niliwaona wakibeba tope," mama mdogo akasema. "Nikaingia nione wanalipeleka wapi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nimechungulia kinywa cha babu yako?"

Baba akageukia kazi yake. Jembe la kwanza lilikuwa karibu kwisha aliposema, bila kumtazama, "Tua mzigo." Hakuna aliyemwomba radhi. Mama yangu mpaka anazikwa alikuwa anauliza: kama si yeye aliyeziba, alijuaje pa kuzibua? Na mimi, niwaambie kweli, miaka mingi swali hilo niliona lina maana.

Nilikuja kuelewa nilipoolewa mimi, nikawa mgeni katika nyumba ya watu, mtungi ukipasuka wote wananyamaza nikiingia. Yule mwanamke alijua ubovu ulipo tangu mwanzo. Sisi tulikuwa na mahali pamoja tusipotaka kupatazama, tukamtazama yeye.

Ndiyo maana juzi, jiko la pampu lililokaa uvunguni tangu masika lilipokataa kuwaka, na nikasikia mnanong'ona habari za mke mgeni wa kaka yenu, nilikuja nikasimama mlangoni. Nikawaambia, na leo naandika msije mkasahau: "Jina la mtu lisitajwe humu ndani. Leteni sindano, mlichokonoe jiko."